Ukuta wa Mwatime

Paukwa! Itikieni basi, au mmemeza ndimi pamoja na ugali? Pakawa! Haya. Asiyeamini nitakayosema anyanyuke sasa hivi, anibishie nimwone. Shule niliwaachia nyinyi. Kusimulia ni kwangu.

Hapo kale, zimwi liliingia kijiji cha wachoraji. Mwiko wake ulikuwa mmoja: haliingii bila kupiga hodi mlangoni. Likishapiga, komeo hujifungua lenyewe. Likamla jirani wa kushoto. Likamla jirani wa kulia. Katikati akabaki Mwatime na bintiye Kidawa. Mumewe, Shekuwe, alikuwa safarini kutafuta chumvi.

Kijijini humo, nyumba iliyofiwa na watu wake wote huzibwa mlango kwa udongo. Mwatime akawaza: pasipo mlango, hodi itapigwa wapi? Lakini kuziba kweli ni kujizika hai. Akachukua turubai, akachora ukuta juu yake kwa chokaa, masizi na udongo mwekundu, akalitundika mlangoni.

Kuku akapita. “Mama, ukuta gani huu? Kivuli cha paa kiko wapi?”

Mwatime akachora kivuli.

Mbuzi akapita. “Mama wee! Hicho kivuli cha asubuhi. Zimwi huja jioni.”

Mwatime akafuta, akakaa nje mpaka jua likainama, akachora kivuli kama kilivyolala.

Mjusi akapita. Akaona ufa, akaurukia ajifiche, akajigonga pua. “Aa, mama, umeniweza!”

Mwatime na Kidawa wakaingia ndani upesi. Zimwi likaja. Likazunguka nyumba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kidawa akataka kukohoa. Mamaye akamziba mdomo kwa kiganja chenye masizi.

“Nimpigie nani hodi?” zimwi likanung'unika. “Hawa walishakufa.” Likavuka mto, halikurudi tena.

Funzo: mchoraji, litazame jua kwanza, ndipo ushike brashi. Hadithi imekwisha. Tamu yake chukueni, chungu niachieni mimi.

Mnakwenda wapi? Kaeni. Kuna kipande nimekiruka.

Kesho yake jioni mama na mwana walikuwa wamelala fofofo kwa uchovu wa hofu, turubai lingali mlangoni. Shekuwe akafika. Akauona ukuta. Hakuugusa, wa wafu hauguswi. Akatua mzigo, akalia bila sauti, akaondoka.

Mwatime alipoinua turubai alikuta gunia la chumvi. Akatoka mbio, akiita kila njia panda: “Shekuwe! Tuko hai! Shekuwe, tuko hai!”

Hakuitikiwa.