Mkaazi wa Kipandio cha Saba

Katika mji wa Rasimbari alitawala Sultani Shahabu bin Nadhiri, mtu karimu na mpole, aliyependa kuonja halua kuliko kusoma hati alizoletewa, na aibu yake hiyo moja ndiyo iliyozaa kisa hiki. Basi nitegeeni sikio, na mwenye kutaka kusinzia akasinzie kwao.

Katikati ya mji huo ilisimama nyumba kongwe ya mawe na chokaa, yenye mlango mzito ulionakishiwa na boriti nene kama mapaja ya ndovu. Chini mlikuwa na ofisi za dola, ya kadhi, na ya makarani waandika hati, na ya mkaguzi wa mizani za soko, na juu yalikuwa makaazi ya Bi. Tamima binti Harithi, ambaye bibi wa bibi yake ndiye aliyeijenga, na sasa alikuwa amebaki peke yake, hana baba wala ndugu. Mchana kutwa kalamu zilikwaruza chini na vyungu vilichemka juu, na harufu ya pilau ikawashukia makarani kwa ngazi, hata watu wakasema kesi za Rasimbari haziendi mbio wala hazilali, kwa kuwa kadhi anajua chakula ki karibu.

Waziri Ghalibu aliitamani nyumba hiyo aifanye ghala ya pembe zake na viungo vyake, awafukuze makarani, na jiko la juu alizime. Akamwendea Sultani, akamwambia, "Ewe bwana wangu, Mola akudumishe, haifai nyumba yenye ofisi za dola iwe mkononi mwa mwanamke asiye na mume. Na inadiwe, na thamani yake apewe." Na Sultani, huku mkono mmoja umo kwenye sinia, akatia muhuri kwa mkono wa pili. Ikaamriwa nyumba inadiwe siku ya saba.

Sasa mjue desturi ya madalali wa mji ule. Dalali hupiga upatu wa shaba, na kabla hajataja sifa hata moja sharti atangaze aibu zote za kitu anachokinadi, mara tatu, kila mtu asikie, na kwa nyumba, sharti aibu hizo awe ameziona kwa macho yake. Akificha aibu, au akizua isiyokuwapo, upatu wake hupasuliwa mbele ya soko na hanadi tena mpaka aingie kaburini. Zamu ya nyumba ile ikamwangukia Maftaha, dalali fukara mwenye sauti nzuri, ambaye hakurithi duniani ila upatu wa babu yake na jina la ukweli lililokwenda nao.

Waziri akamwita, akamwambia, "Utanadi kwamba ile nyumba ina jini, ili watu wakimbie, nami niichukue kwa bei ya punda wawili. Ukikataa, upatu wako nitaupasua mimi mwenyewe, na sababu nitaitafuta baadaye."

Maftaha akasema, "Bwana waziri, mimi sinadi nisichokiona."

"Basi nenda ukamwone," akasema waziri, akacheka mpaka kilemba kikamlegea.

Maftaha akaenda, na moyo wake mzito, kwani akizua uongo amekwisha, na akisema kweli amekwisha vilevile. Akapiga hodi, na Bi. Tamima akamfungulia, mwanamke wa makamo, macho makali, mwiko mkononi.

"Umekuja kupima kuta, bwana dalali, au umekuja kunizika?"

"Nimekuja kutafuta aibu, Bi. Tamima."

"Umechelewa. Aibu imekwisha kutiwa muhuri na Sultani. Haya pita, ule kwanza, maana hata mchimba kaburi hula."

Akala, na wallahi hakupata kula chakula kama kile tangu mama yake afariki, na akaona haya kwa alilotumwa, akamweleza yote bila kuficha neno. Bi. Tamima hakulia wala hakupiga kelele. Akamzungusha nyumba nzima, akamwonyesha dirisha lililokwama, na mahali panapovuja masika, akasema, "Hizi ndizo aibu zake. Nimezaliwa humu, jini simjui."

Na Maftaha akawa anagonga kuta kwa kijiti cha upatu, kama wafanyavyo madalali wanapotafuta uozo, chumba baada ya chumba, mpaka wakafika ngazi iliyo baina ya ofisi na makaazi. Akagonga kipandio cha saba. Kipandio nacho kikagonga.

"Watu wa siku hizi hawajui hodi," ikasema sauti, na jua la adhuhuri likiwaka dirishani akatoka kizee mfupi mwenye ndevu nyeupe za chokaa, mgongo umepinda, na nyayo zake hazikugusa chini. "Mimi ni Sarkiru, jini wa nyumba hii. Bibi wa bibi yako, ewe Tamima, alifunga nami ahadi: mimi nibebe boriti maadamu chini kuna kazi na juu kuna chakula, na yeye aniwekee halua hapa kila Ijumaa. Siku kalamu zitakaponyamaza au jiko litakapozimwa, nitaziweka boriti chini niende zangu, na nyumba itafuata."

Bi. Tamima akashika ukuta. "Halua naiweka kila Ijumaa kwa kuwa mama alikuwa akiiweka. Nilidhani inaliwa na paka."

"Paka!" akasema jini, na alikasirika kweli.

Maftaha akaketi kwenye ngazi kwa furaha na hofu, kwa maana sasa angeweza kumtangaza jini bila uongo, na papo hapo akafahamu kwamba ukweli huo ndio utakaompa waziri nyumba. Akainamisha kichwa. Lakini Bi. Tamima alikuwa akitabasamu, na nitawaambia kwa nini. Chumba chake cha kulala kilikuwa juu ya ofisi ya kadhi, na tangu utoto wake alisikia kupitia sakafu kila kesi iliyoamuliwa, hata akazijua sheria za Rasimbari kuliko nusu ya makarani.

"Bwana dalali," akasema, "unaijua shufaa?"

"Naijua. Nyumba ikiuzwa, mkaazi mwingine, asiye mwenye nyumba, anayelala chini ya paa lake ana haki ya kumtangulia mgeni na kuinunua kwa bei ileile, kwa sharti aushike mwimo wa mlango kabla wino haujakauka." Kisha akamtazama jini, na jini akamtazama yeye.

"Nalala humu miaka mia mbili na tisa," akasema Sarkiru.

Siku ya saba ikafika, na watu wakajaa mbele ya nyumba, na Sultani akaketi kitini na sinia yake, na kadhi akatandika karatasi. Maftaha akapiga upatu, akanadi kwa sauti iliyofika sokoni, "Enyi watu wa Rasimbari! Dirisha moja limekwama, paa linavuja masika, na ndani mna jini mkaazi, nimemwona kwa macho yangu!" Akalisema mara tatu, na kila mara matajiri wakapungua, mpaka akabaki waziri peke yake.

"Dinari mia," akasema waziri, akipiga miayo.

Kadhi akauliza, "Umeikubali nyumba pamoja na aibu zake?"

"Nimeikubali. Andika na jini wake, mkaazi wa nyumba, asije akasema sikumtambua," akasema waziri, akawakonyeza watumishi wake. Kadhi akaandika, na waziri akatia sahihi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Na wino ungali ukimeremeta, mkono mweupe ukatoka ndani ukaushika mwimo, na Sarkiru akafuata, akasema, "Nadai shufaa." Watu wakaanguka kifudifudi, na halua ya Sultani ikamwagika yote. Jini akahesabu dinari mia za kale mapajani pa Bi. Tamima. Waziri akapaaza sauti kwamba huu ni uchawi, jini hana haki, na kadhi, mzee asiyetishika, akamwonyesha karatasi.

"Wewe mwenyewe umemkiri kuwa mkaazi, na hii sahihi yako. Nyumba ni yake."

"Na mimi sina haja ya hati, kipandio changu chanitosha," akasema Sarkiru. "Nampa Tamima."

"Hawezi kuimiliki!" akasema waziri, na jasho linamtoka. "Muhuri wa Sultani wasema mwanamke asiye na mume haimiliki!"

Watu wote wakamgeukia Bi. Tamima. Bi. Tamima akasimama, akamtazama Maftaha. "Kadhi yupo, mashahidi wapo, na sina walii ila kadhi. Wewe unanadi nyumba za watu kila siku, bwana dalali. Ya kwako iko wapi?"

Maftaha akasahau sauti yake nzuri yote. "Sina nyumba, Bi. Tamima. Na mahari sina, ila upatu huu."

"Upatu unatosha," akasema.

Wakaozwa pale pale mlangoni, na watu wakashangilia mpaka makaburi ya mababu yakasikia, na Sarkiru akawafunulia chini ya kipandio mtungi wa dhahabu aliochoka kuulalia. Maftaha akamweleza Sultani vitisho vya waziri, na Sultani akaona haya, akaapa kusoma kila hati kabla ya muhuri. Ghalibu akavuliwa uwaziri akapewa ufagio wa ofisi za chini, na kila Ijumaa ni yeye aliyebeba sinia ya halua hadi kipandio cha saba, na ole wake ikipungua.

Chini kalamu zikakwaruza, juu vyungu vikachemka, na upatu ukatundikwa ukutani penye ngazi, baina ya ofisi na jiko. Asemaye kweli hujengewa na asiowajua, na azuaye uongo na aangalie sana, usije uongo wake ukatoka ndani ukaushika mwimo. Hapa ndipo nilipoachiwa kisa, nami ndipo ninapowaachia.