Pundamilia na Kiongozi wa Mwendo wa Polepole

Paukwa!

Pakawa.

Sauti gani hiyo? Au mmeshaanza kusinzia? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Zamani za kale jua lilikausha mbuga nzima. Pundamilia na mwanawe mchanga walitaka kufika kwenye kinamasi chenye maji, mwendo wa siku tatu. Njia hawakuijua. Wakamwomba Bibi Tembo awaongoze, naye akakubali.

Wakaenda, wakaenda. Bibi Tembo akasimama kwenye kivuli cha mgunga. Pundamilia akanung'unika kwamba wanacheleweshwa. Wakaenda tena. Bibi Tembo akasimama, akanusa upepo mpaka simba wakapita. Pundamilia akanung'unika. Mara ya tatu akasimama, akachimba mchangani, yakatoka maji kidogo. Pundamilia akayanywa, akanung'unika vilevile. Mnacheka? Watu hao tunao hata hapa.

Akatokea Mbuni, mwenye mbio na maneno mengi. Akajisifu kwamba yeye huko hufika kwa siku moja.

"Bibi, rudi zako," Pundamilia akamwambia Tembo. "Tumepata anayejua kwenda."

Bibi Tembo akamtazama mtoto, kisha akashika njia yake. Asante hakupewa.

Mbuni akatimua mbio. Wakamfuata, wakamfuata, mtoto akaanguka. Mbuni hata hakugeuka.

"Mama, bibi yuko wapi?" mtoto akauliza. "Yeye kila nilipochoka alisimama."

Ndipo Pundamilia alipojua kwamba ule mwendo wa polepole haukuwa wa Tembo. Ulikuwa mwendo wa mwanawe. Akamlilia yule bibi kama anayemlilia mama yake mzazi.

Wakajikokota, wakifuata nyayo za Mbuni mchangani. Hatua kumi, wakapumzika. Hatua kumi, wakapumzika. Siku ya tano wakafika, mtoto yu hai. Pundamilia hakunywa kwanza. Alimwuliza Korongo, mkazi wa pale, kama amemwona Bibi Tembo.

"Alifika juzi," Korongo akajibu. "Aliuliza kama mtoto amefika. Akangoja, akangoja, kisha akarudi mbugani kuwatafuta."

Tangu siku hiyo, Pundamilia akila majani huinua kichwa akatazama mbali. Anamtazamia yule bibi. Asante anayo mdomoni hadi leo, na wa kumpa hayupo.

Basi wanangu, anayewaongoza vizuri mshukuruni angali mbele yenu.

Hadithi yangu imekoma. Ikiwa tamu, ondokeni nayo. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.