Weupe wa Sinia

Tabu alikuwa akisugua sinia la pili kwa limao na chumvi. Madoa meusi yalipotoka, akalimwagia maji mara moja tu, akataka kulirudisha rafuni kwenye chumba cha giza cha kusafishia picha. Babu yake, Mzee Kapera, akalishika ukingo.

"Weupe wa sinia si usafi wake."

"Babu na misemo yako!" Tabu akacheka. "Huo nao umeutoa wapi?"

"Ulizaliwa humu humu, nikiuona." Mzee akaketi, akasimulia.

Studio hii ilikuwa ya Fundi Maganga, aliyenifunza kazi. Masinia yake ya kusafishia picha yaliingia weusi wa dawa hata wateja wakamtania kuwa anakaangia karanga humo. Kiangazi kimoja akakoroga mwenyewe, kwa makisio, dawa kali ya kung'arishia nguo. Masinia yakawa kama maziwa. Desturi yetu ni kusuuza mara tatu, lakini kisima kilikuwa mbali. Akasuuza mara moja.

Siku hiyo alikuwa na filamu ya Kalunde, binti pekee wa Mama Nyamizi. Binti huyo alipigwa picha mara moja tu maishani, tayari akiumwa; wiki ile tulikuwa tumemzika. Chini ya taa nyekundu sura yake ikaanza kutokea, kisha ikalika, kuanzia machoni. Ile dawa ya nguo ilikuwa bado imo siniani.

Mama Nyamizi alipofika, Fundi akampa filamu tupu.

"Mwanangu yuko wapi, Fundi?"

"Sinia lilikuwa jeupe, mama. Nilidhani..."

"Nakuuliza mtoto, unanijibu sinia?"

Hakupaza sauti. Alikaa kwenye kiti alichokalia Kalunde siku ya picha, mpaka adhana ya alasiri. Kisha akaifunga filamu ile kwenye pindo la kanga, akaenda zake.

Mimi sikumlaumu Fundi. Maji kweli yalikuwa ya shida. Ila tangu hapo, kila aliyemsifia masinia, Fundi alimjibu kwa msemo huo niliokuambia, hata mji mzima ukauzoea.

Mzee alimaliza kusimulia. Tabu akainua sinia, akalinusa.

"Bado linanuka limao."

"Lisuuze."

Akasuuza mara ya pili, na maji ya ndoo yakaisha. Sinia la tatu lilikuwa bado jeusi, halijaguswa.

"Yaache hapo," Mzee akasema. "Kesho tutachota maji mengine."

Tabu akaliweka sinia sakafuni, likimeta. Safari hii hakucheka.

"Weupe wa sinia si usafi wake," akasema, akafunga mlango.