Ushahidi wa Upole wa Mbaruku

Kisa hiki anayekijua vizuri ni mimi. Wengine wanakiharibu tu. Mbaruku, tajiri mkali kuliko mbwa wake, alimkamata mbuzi wa jirani yake Sikudhani kwa kula kunde zake.

"Mbuzi ni wangu sasa," alisema. "Na harusini kwa binti yangu utanisifu mbele ya wakwe: mpole, mwenye huruma, mwenye utu. Ukikataa, namchukua na mbuzi wako wa pili."

"Maneno yote hayo, mzee wangu? Hayatakuelemea?"

"Yaseme!"

Siku ya harusi Sikudhani akasimama. "Mbaruku ni mpole! Ana huruma! Ana utu!"

Kwetu sifa haipigiwi vigelegele mpaka litajwe tendo. Wageni wakaitikia, "Kafanya nini?"

Mbaruku akatoa macho. Tendo hakuwa nalo hata moja.

"Mbuzi wangu alikula kunde zake," akasema Sikudhani. "Mwingine angemchinja. Yeye kamfunga kivulini nyuma ya jiko, kamlisha, na leo ananirudishia mbele yenu!"

Vigelegele vikalipuka. Wakwe wakamkumbatia Mbaruku.

"Mfungulieni," akasema, meno yamekazana.

"Na kunde za kula njiani, baba mwenye huruma?"

"Mpeni!" akanguruma yule mpole.