Kigari Alichokipenda Mama Mkwe

Mwenye mkwe aisome hadithi hii taratibu. Asiye naye amtumie mwenye naye.

Katika mji mmoja wa milimani aliishi mhadhiri mstaafu aitwaye Gaudensi. Maisha yake yote alifundisha upimaji wa ardhi, kwa hiyo hakuwa mtu wa kukadiria. Alikuwa mrefu sana. Gari lake lilikuwa dogo sana.

Lilikuwa jekundu, la milango miwili, na la zamani. Mji mzima uliliita Kibiriti. Watoto walilipungia mkono likipita, na wachuuzi wa sokoni walilijua kwa mlio kabla hawajaliona. Gaudensi akiliendesha, magoti yake yaligusa usukani na shingo yake iliinama kama ya mtu anayesali.

Mke wake, Anzelma, alifariki mwaka uliopita. Hospitalini alimwomba jambo moja tu.

"Mama asikose kliniki."

Mama huyo ni Bi Leokadia, mama yake Anzelma, aliyeishi kijijini juu ya mji. Alikuwa na presha ya macho. Jicho moja lilikwisha kupotea. La pili lilikuwa likiokolewa kwa dawa na kwa kupimwa na daktari aliyekuja mjini mara moja kwa mwezi. Kumkosa daktari huyo mara kadhaa kulitosha kumtia giza la moja kwa moja. Pikipiki hakuiweza tena, na basi halikufika kijijini kwake. Gaudensi akaahidi. Na ahadi ile ilikuwa juu ya magurudumu ya Kibiriti, ambayo yalikuwa yamechoka.

Sasa, kwa watu wa milima ile, mwanamume na mama mkwe wake hawasemezani. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Neno hupitia kwa mtu wa tatu, hata kama wote watatu wamekaa sebule moja. Kwa ndoa yao yote mtu huyo alikuwa Anzelma.

"Anzelma, mwambie mkwe wangu koti limempendeza."

"Mama anasema koti limekupendeza."

"Mwambie ahsante."

"Anasema ahsante, Mama."

Ndivyo walivyoishi, na waliishi kwa amani. Na kila mara Gaudensi alipotaka kununua gari jingine, Anzelma alikwenda kumuuliza mama yake, akarudi na jibu lilelile.

"Mama anakipenda Kibiriti. Magari marefu yanamtisha. Kiti cha hiki ndicho kinachoukubali mgongo wake. Kiyoyozi hakitaki kabisa, anataka kioo cha kuzungusha kwa mkono."

Gaudensi alikuwa akiyakanda magoti yake na kunyamaza. Mkwe ni mkwe.

Mwaka huu Kibiriti kilianza kuchemsha kwenye kila mlima. Gia ya pili ilikuwa ikiingia kwa kubembelezwa. Fundi alikitazama chini, akatoka akifuta mikono.

"Mzee, tafuta kingine, hiki kingali kinatembea. Kikishakufa utanunua kwa haraka, na wa haraka huuziwa chochote."

Ushauri ulikuwa mzuri. Shida ilianza pale watu walipoupata.

Shemeji yake Kizito, mtoto wa kiume wa Bi Leokadia, alipiga simu kutoka Dar es Salaam.

"Shemeji, chukua gari la juu! Mtu wa chuo kikuu unashuka kwenye kopo?"

"Mama yako atapandaje?"

"Utamnyanyua."

"Nimshike mama mkwe?"

"Aa. Basi utaweka kigoda."

Binti yake Edita, mwalimu, aliyeishi naye, alitaka la milango minne lenye buti kubwa, kwa sababu yeye alikuwa akifuga kuku. Mchungaji alishauri la dizeli. Jirani alishauri asinunue chochote, apande bodaboda kama wenzake. Kila mtu alimchagulia gari la kubeba shida zake mwenyewe.

Kwenye yadi ya magari, dalali alimzungusha juani.

"Hili, mzee wangu, kiyoyozi mbele, kiyoyozi nyuma."

"Sitaki kiyoyozi."

"Vioo vya umeme, vyote vinne."

"Nataka vya kuzungusha kwa mkono."

Dalali akamtazama kwa huruma. "Pole, mzee. Nimesikia habari za mama. Unatafuta gari, au unamtafuta marehemu?"

Gaudensi alifunga futi yake ya kupimia akaondoka bila kuaga. Huruma ilimchosha kuliko jua. Hakuwa akimtafuta marehemu kwenye magari ya watu. Alikuwa akitafuta kiti cha kimo fulani, chenye ugumu fulani, na kila mtu alikuwa akimjibu kana kwamba ameuliza habari za mbinguni.

Hata hivyo alijaribu. Aliazima gari moja, akapanda nalo kijijini, akasimama mbali kwa adabu. Edita akamwonyesha bibi yake.

"Bibi, umelionaje?"

Bi Leokadia alilitazama kwa jicho lake zima, akapapasa kiti. "Zuri. Mwambie baba yako asisumbuke kwa ajili yangu."

Gaudensi alilirudisha siku hiyohiyo.

"Baba, kasema zuri!"

"Kasema nisisumbuke. Hiyo ni hapana ya watu wazima."

La pili likarudi hivyohivyo. La tatu likarudi hivyohivyo. Edita akarusha mikono juu, akasema yeye amemaliza, babake na bibi yake watafute punda.

Siku ya daktari ikafika, na Edita alikuwa na mitihani ya kusimamia.

"Mtakwenda wawili tu, Baba. Mtaongeaje?"

"Hatutaongea."

Jirani mmoja wa kike alimsaidia Bi Leokadia kuingia kiti cha nyuma, maana ndiko alikokaa siku zote, na kiti cha mbele kikabaki kitupu. Wakateremka mlima kimya. Walipofika kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya mji, Kibiriti kilitoa moshi mweupe, kikakohoa, kikasimama.

Gaudensi alishuka. Alimpigia fundi, akaambiwa anakuja. Alitazama jua. Daktari hakuwa na desturi ya kumngoja mtu. Akasimama kando ya barabara, mgongo kwa gari, kama adabu ilivyotaka.

Ndipo sauti ikatoka ndani.

"Kibiriti."

Gaudensi alishtuka.

"Kibiriti, mwambie mkwe wangu mguu wangu umekufa ganzi."

Ilimchukua muda kuelewa. Hapakuwa na mtu wa tatu, basi mama mkwe amejichagulia. Gaudensi, mwenye shahada mbili, akaligeukia boneti.

"Kibiriti, mwambie Mama fundi yuko njiani."

"Mwambie sikuuliza fundi. Mwambie afungue, nishuke."

Alifungua mlango, akalaza kiti cha mbele, akasogea mbali na kutazama vichaka. Nyuma yake alisikia kitu kikigonga, kikiguna, kikikwama, kikivutwa. Ilikuwa safari ndefu. Hatimaye Bi Leokadia aliketi kwenye ukingo wa kalvati akihema.

"Kibiriti, muulize mkwe wangu kwa nini anayarudisha magari ya watu."

"Kibiriti, mwambie Mama ni kwa sababu yeye hayapendi."

"Nani kasema?" Alikuwa amelisahau gari.

"Marehemu alisema."

"Alisema nini?"

Gaudensi alieleza yote kwa mpangilio, huku akikiangalia kichaka. Magari marefu yanamtisha. Kiti hiki ndicho cha mgongo wake. Kiyoyozi hakitaki. Kioo cha mkono.

Bi Leokadia alipiga kalvati kwa kiganja.

"Mimi?" alisema Bi Leokadia. "Mimi ninayetolewa humo kama kuku anayevutwa uvunguni? Mgongo wangu unalia tangu siku ya kwanza! Na kiyoyozi! Kizito alinipakia kwenye gari lake lenye kiyoyozi, nikalala kama mtoto, nikaamka tumefika. Nani hataki kiyoyozi?"

"Sasa kwa nini Mama hakusema?"

"Ningesemaje? Anzelma aliniambia, mama, mkwe wako anakipenda kigari hiki kama roho yake. Ukikisema vibaya atanuna wiki nzima. Nikanyamaza. Nikajiambia, mwanamume mrefu namna hii akubali kukunjwa namna hii, basi hayo ni mapenzi."

Gaudensi aligeuka. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao alimtazama mama mkwe wake usoni, na mama mkwe alimtazama yeye.

"Mimi sikukipenda," alisema. "Hata siku moja."

"Hata mimi."

Hawakuhitaji kuulizana ni nani basi aliyekipenda. Wote wawili walimwona Anzelma akilini, kiwiko nje ya dirisha, kioo kimeshushwa mpaka chini, upepo kwenye kilemba, akiwapungia watoto wa watu kama malkia.

"Mwongo mkubwa yule mtoto," alisema Bi Leokadia. Akacheka mpaka akafuta jicho kwa ncha ya kanga, kisha akaendelea kulifuta hata kicheko kilipokwisha.

Gaudensi alikasirika. Alikasirika kwelikweli, kwa ajili ya magoti yake, kwa ajili ya yadi, kwa ajili ya futi na jua na dalali. Na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alikuwa na jambo mahususi la kumwambia mke wake. Alitamani arudi, hata kama ni kwa kugombana tu, kisha aende zake.

Fundi alifika na gari lake, akafunua boneti ya Kibiriti, akatikisa kichwa.

"Mzee, pole. Injini imekwisha. Nikuitie watu wa chuma chakavu?"

"Hapana!" walisema wote wawili, kwa pamoja, bila kupitia kwa mtu.

Fundi akawatazama, akaona busara kutouliza. Aliwapakia kwenye gari lake, Bi Leokadia mbele, Gaudensi nyuma. Wakamkuta daktari akivua koti. Alilivaa tena.

Walipotoka kliniki, dawa mpya mkononi, Gaudensi alifungua mdomo kumuuliza mama mkwe kama apelekwe nyumbani. Kwa mazoea alitazama kulia na kushoto kutafuta wa kumtuma. Hapakuwa na mtu.

"Mama," alisema, "unasemaje?"

"Nasema nipeleke huko yadi. Nikae kwenye viti mwenyewe. Na wewe ukae. Asiyekaa vizuri aseme."

Jioni Edita alimaliza mitihani yake, akasikia mjini kwamba babake ameonekana yadi na bibi, akaenda mbio akidhani pametokea msiba mwingine. Alipofika getini alisikia sauti mbili zimepanda, na dalali amesimama katikati akigeuza kichwa huku na huku.

"Baba! Unagombana na Bibi?"

"Ndiyo," alisema Gaudensi, akiwa amenyoosha miguu yake yote ndani ya gari moja. "Anataka jeupe. Nimemwambia jeupe linashika vumbi, hasikii."

"Mwambie baba yako..." alianza Bi Leokadia, kisha akasita, akamgeukia Gaudensi mwenyewe. "Wewe si ndiye utakayeliosha?"

Funzo: Usivumilie kwa ajili ya mpendwa wako jambo ambalo hujamsikia akilitaka kwa kinywa chake mwenyewe. Muulize leo, naye akuulize, maana huenda mnateseka wote wawili kwa kumpendeza mtu ambaye hakuomba.