Udongo Mweusi wa Shubiri Moja

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Ehee, hapo sawa. Hapo zamani za kale, kabla babu wa babu yangu hajaota jino, palikuwa na kijiji ubavuni mwa mlima. Juu yake msitu wa wahenga, mwiko kuingia na chuma. Chini yake bonde la matete, lisilotakiwa na mtu.

Kijijini hapo aliishi Nakiete, mjane mwenye watoto watatu na shamba lililochoka. Mtama wake ulitoa masuke matupu. Mwaka wa kwanza akavumilia. Wa pili akavumilia. Wa tatu akashika shoka.

"Nakwenda kufyeka msituni," akasema. "Kule udongo ni mweusi tititi."

Majirani nao wakabeba mashoka, wakamfuata. Ukingoni mwa msitu wakamkuta Mzee Mchome, mtu aliyeujua udongo kwa kuukanda kiganjani.

"Mwanangu, acha shoka hapa. Chukua kijiti, uchimbe kwanza."

Nakiete alikuwa na hasira, lakini mzee hapitwi hivi hivi. Wakaacha mashoka, wakaingia. Chimba, chimba. Shubiri moja: mweusi, laini. Moyo wake ukafurahi. Chimba, chimba. Shubiri ya pili: ko! Changarawe nyekundu. Akahamia mti mwingine. Ko! Changarawe.

"Weusi huo ni majani yaliyooza," mzee akasema. "Kata miti, na baada ya masika mawili utalima mawe."

"Na wanangu wale nini, mzee? Maneno yako?" Nakiete akalia palepale, bila kuona haya.

Mzee akamshika mkono, wakateremka mpaka bondeni, chini ya shamba la Nakiete, watu wote nyuma.

"Chimba."

Chimba, chimba. Shubiri moja, mweusi. Mbili, mweusi. Mkono ukazama hadi kwapani, bado mweusi.

"Udongo huu ni wa nani?" Nakiete akauliza.

"Wako. Mvua imeusomba shambani kwako, kwa sababu tunalima kwa kushuka na mteremko."

Jirani mmoja akadakia, "Nani alituanzishia kulima hivyo?"

Sasa sikilizeni. Siku za msaragambo, watu wakilimiana kwa zamu, walishindana kushuka na majembe, puu, puu, puu. Wa kwanza kufika chini ndiye aliyeonja pombe ya miwa kwanza. Na mchezo huo ulikuwa na mwanzilishi wake.

"Ni mimi," akasema Mzee Mchome. "Nilikuwa kijana, nikapenda sifa. Nilikosea. Nisameheni."

Nakiete akafuta machozi, akamnyooshea jembe.

"Basi shika, mzee, utuonyeshe."

Mzee akalima kwa kuukata mlima kwa upana, matuta yakizuia maji, polepole, mgongo ukimuuma. Wote wakamfuata, tuta baada ya tuta. Matete yakang'olewa, bonde likapandwa mtama. Mvua iliponyesha, wakakimbilia mwisho wa shamba kutazama. Maji yalitoka meupe, bila udongo. Nakiete akacheka mpaka akaketi chini kwenye tope.

Msimu huo wanawe walikula wakasaza, na msitu haukuguswa.

Basi, wanangu, chimbeni kabla hamjakata. Na mzee akiwaambia "nilikosea", mwaminini na mengine anayosema. Hadithi yangu imekomea hapo, na koo limenikauka, nipeni maji.