Mtungi Unaoachia Hewa Taratibu

Siku hiyo uwanjani walikuwepo wanne tu: Elirehema, kocha wa timu; mkewe Ndeshi; binti yao Aika, wa miaka kumi na mitatu; na Kileo, kaka yake Ndeshi. Wachezaji wengine walikuwa bado njiani.

Mchezo wao ni ule wa kulengana kwa vidonge vya rangi. Watu huvaa barakoa ngumu, hujibanza nyuma ya matairi, na bunduki husukuma vidonge kwa hewa ya mtungi. Ukipakwa rangi, umetoka.

Ndeshi alikuwa na jambo zito moyoni. Asubuhi, alipokuwa akimsuka Aika, mtoto alimwambia, "Mama, leo baba akinifokea tena, namrudishia bunduki yake. Sichezi tena."

Ndeshi hakujua amwambieje mumewe.

Kileo alikuja amekumbatia mtungi mpya kama mtu aliyeshinda jogoo kwenye bahati nasibu.

"Shemeji! Nimemletea mpwa wangu dume la mtungi. Leo vidonge vitafika Arusha!"

Elirehema akacheka. "Shemeji, wewe unataka kuiua bunduki ya mtoto."

"Kwani hewa kali si ndiyo nguvu?"

"Hapana. Mitungi yote miwili, huu wako na huu wangu, imejazwa sawasawa. Tofauti iko kwenye regulata, hiki kidude cha kupunguza hewa, hapa shingoni. Wako unaachia hewa kwa kishindo. Wangu unaachia taratibu. Zipo bunduki zisizofanya kazi bila kishindo. Hii ya Aika ni laini. Mwendo wa kidonge tunaupanga kwenye bunduki yenyewe, na refa anaupima kabla ya mchezo. Kishindo hakiongezi kitu, kinakata pete za mpira za ndani tu."

Akaufunga mtungi wake kwenye bunduki ya Aika polepole, akiipangusa bunduki kwa pindo la shati. Ndeshi aliona jinsi vidole vyake vilivyokuwa vipole.

Kisha akamgeukia binti yake, aliyekwisha kuvaa barakoa, akampa bunduki.

"We Aika! Umeshika bunduki kama mwiko wa ugali! Piga lile debe pale!"

Aika akapiga, akakosa.

"Tena! Mkono umelala! Wenzako wanakuja kukucheka hapa! Tena!"

Akakosa tena. Mabega yake yakashuka. Kileo akajifanya anafunga kamba za viatu.

Ndeshi akasogea karibu na mumewe, akauliza kwa sauti ya chini, "Baba Aika, bunduki ikizidiwa na hewa, utajuaje?"

"Inaanza kuvuja. Kwa macho huoni kitu. Mpaka uweke sikio."

"Basi nenda ukaweke sikio kwa mwanao."

Elirehema akatembea hadi alipo Aika, akachuchumaa mbele yake. Hapo ndipo alipokisikia kilio kidogo ndani ya barakoa. Mtoto alikuwa akilia tangu alipolikosa debe mara ya kwanza.

Akamvua barakoa taratibu.

"Mwanangu, nimekuzidishia ukali. Nisamehe. Ukitaka, twende zetu nyumbani sasa hivi."

Ndeshi akakumbuka maneno ya asubuhi. Alijua jibu.

Lakini Aika akafuta pua kwa kiganja, akasema, "Sitaki kwenda nyumbani, baba. Mimi naupenda huu mchezo. Niambie kosa langu mara moja tu, halafu niache nijaribu."

"Kiwiko," baba akasema. "Kibane ubavuni."

Akarudi nyuma, akanyamaza. Kunyamaza kulimtoa jasho.

Kileo akanong'ona, "Dada, huyu sasa atapasuka yeye."

Timu ya Aika ilifungwa siku hiyo. Jumamosi iliyofuata yeye ndiye aliyetangulia kuingia kwenye gari, akampigia baba yake honi.

Funzo: Usipime nguvu kwa ukali wa anayetoa, ipime kwa uwezo wa anayepokea. Mtoto anayekosea mbele yako huenda hajakosa bidii, umemzidishia ukali tu. Ukimaliza kusoma, mpelekee mzazi mwenzako, naye aweke sikio.